MASHINE MPYA ISIINGIE BILA MANENO
Wajitoleaji wa Debian na kazi yao ya kuandika maelezo ya kila toleo

Ndugu mfanyakazi, kila aliyewahi kusimama mbele ya mashine mpya anaijua siku ile. Jana ulikuwa fundi, leo umegeuka mwanafunzi. Kitufe kilichokuwa kulia kimehamia kushoto. Taa nyekundu inawaka na hakuna ajuaye inasema nini. Nyampara naye hajui, ila yeye anajua kupiga kelele. Kitabu cha maelezo kipo, lakini kimefungiwa kabatini ofisini, tena kimeandikwa kwa lugha ya kule mashine ilikotoka.

Safari hii ukurasa wetu unataka kuwaeleza habari za watu waliokataa mtindo huo. Wao hawatengenezi matrekta wala mashine za kukaushia chai. Wanatengeneza programu, yaani yale maagizo yaliyomo ndani ya kompyuta yanayoifanya ijue la kufanya. Wametawanyika katika nchi nyingi za dunia, wengi wao hawalipwi na mtu kwa kazi hiyo, na wamejiwekea sharti moja: kazi yao haitoki mpaka yaandikwe maelezo ya kweli ya yale yaliyobadilika na ya yale yanayoweza kumdhuru mtumiaji. Kundi hilo linaitwa Debian.

Pengine utauliza, sisi wachuma chai na wakata miwa yatuhusu nini hayo? Yanatuhusu sana. Subiri tufike.

DEBIAN NI NINI?

Debian ilianzishwa tarehe 16 Agosti 1993 na kijana mmoja wa Marekani, Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi wakati ule. Jina hilo alilipata kwa kuunganisha jina la mchumba wake, Debra, na jina lake mwenyewe, Ian. Ian Murdock alifariki mwezi Desemba 2015, na toleo la 9 la Debian, lililotoka Juni 2017, wenzake walilitoa kwa kumkumbuka.

Programu za Debian ni programu huria. Maana yake ni hii. Makampuni mengi ya programu yanakuuzia kitu kilichofungwa. Unaruhusiwa kukitumia, lakini huruhusiwi kukifungua uone kilivyotengenezwa, wala kumgawia jirani. Programu huria ni kinyume chake. Maandishi yake ya asili yako wazi. Anayejua kusoma asome, anayejua kurekebisha arekebishe, na kila mtu anaruhusiwa kunakili na kumpa mwenzake. Ni kama mbegu ambayo mkulima anaweza kuipanda tena na kugawana na jirani, tofauti na ile ambayo lazima urudi dukani kila msimu.

Mwaka 1997 kundi hili lilijiandikia mkataba na jamii. Ndani ya mkataba ule mna kifungu kinachosema kwamba hawataficha matatizo. Daftari lao la kasoro liko wazi kwa watu wote, na mtu yeyote anaweza kuandika humo kasoro aliyoiona na kuona imeshughulikiwaje. Mwaka 1998 walijipatia katiba. Kila mwaka wanamchagua kiongozi wao kwa kura, na jambo kubwa likizuka, wanachama wanapiga kura. Wenye haki ya kupiga kura ni takriban watu elfu moja. Sisi wa vyama vya wafanyakazi hatuhitaji kufundishwa maana ya mambo hayo: mkataba, katiba, uchaguzi, kura. Ndiyo nguzo za nyumba yetu pia.

Karibu kila baada ya miaka miwili Debian hutoa toleo jipya. Toleo la 12 lilitoka tarehe 10 Juni 2023, na la 13 tarehe 9 Agosti 2025. Matoleo hayo hupewa majina ya vikaragosi vya sinema za watoto za Toy Story. Lile la 13 linaitwa trixie. Usiyacheke majina hayo ukadhani ni mchezo. Toleo la 13 lina vifurushi vya programu zaidi ya 69,000, na kompyuta zinazoitumia Debian zimo katika vyuo, maofisi, mabenki na makampuni makubwa.

KUNA NINI NDANI YA MAELEZO?

Kila toleo hutoka na kitabu chake, kiitwacho maelezo ya toleo. Ndani yake mna mambo makubwa matatu. La kwanza ni yaliyo mapya. La pili ni jinsi ya kuhama kutoka toleo la zamani hadi jipya, hatua kwa hatua. La tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote, ni mambo ya kujihadhari nayo.

Hebu tuangalie mifano ili tusizungumze hewani.

Mwaka 2021 lilipotoka toleo la 11, jina la mahali ambapo kompyuta huchukua marekebisho ya usalama lilibadilishwa. Ni mstari mmoja tu katika orodha ya mashine. Lakini asiyeubadilisha mstari ule, mashine yake isingepata marekebisho ya usalama ya toleo jipya. Ni kama mlinzi wa usiku kuhamishiwa lango jingine bila mwenye nyumba kuambiwa. Maelezo ya toleo yaliutaja mstari wa zamani na mstari mpya, ili mtu asibaki akibahatisha.

Mwaka 2023, katika toleo la 12, programu ndogo zinazoendesha vifaa kama vile vya mawasiliano, ambazo haziko huria, ziliwekwa katika fungu lake zenyewe. Jambo hili liliambatana na kura waliyoipiga mwaka 2022, baada ya mabishano ya miaka mingi. Maelezo yakasema waziwazi: ukihama bila kuongeza fungu hili katika orodha yako, hutapata tena marekebisho ya programu hizo.

Mwaka 2025, katika toleo la 13, kulikuwa na habari chungu kwa wenye mashine kuukuu. Aina moja ya kompyuta za zamani, iitwayo i386, haikutengenezewa tena toleo kamili. Maelezo hayakuzungukazunguka. Yaliwaambia wenye mashine hizo wasihame kwenda toleo la 13. Kama mashine yenyewe ina uwezo wa kutumia aina mpya, wasimamishe mfumo upya kwa aina hiyo. Kama haina, basi wakati wake wa kustaafu umefika. Sisi ambao ofisi zetu za matawi huendeshwa kwa kompyuta za msaada tunajua uzito wa neno hilo. Hata hivyo ni afadhali uambiwe mapema kuliko kukuta mashine imekufa siku ya kutayarisha orodha ya ada.

Katika toleo hilohilo kulikuwa na jambo la saa. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde, kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Zile zinazotumia hesabu ya kizamani zina chombo kidogo cha kuwekea hesabu hiyo, na chombo hicho kitajaa tarehe 19 Januari 2038. Baada ya hapo saa yao itaruka na kurudi nyuma miaka mingi. Fikiri mashine ya kuandikia saa za kuingia kazini ikikuhesabia kwamba umeingia mwaka 1901! Debian ilipanua chombo hicho katika toleo la 13, isipokuwa kwa zile i386 za zamani, na ikaandika hivyo katika maelezo.

Kuna sura nyingine ninayoipenda zaidi. Inaeleza matayarisho kabla ya kuhama. Inasema: kwanza weka nakala ya akiba ya kazi zako. Kisha waarifu mapema watu wanaotumia mashine hiyo. Kisha jitayarishe kwa muda ambao huduma zitasimama. Kisha jitayarishe kwa namna ya kurudisha mambo kama yakiharibika.

Ndugu msomaji, rudia la pili: waarifu mapema watu wanaotumia mashine. Maneno haya hayakuandikwa na chama cha wafanyakazi. Yameandikwa na mafundi wenyewe, kwa sababu wanajua kwamba kazi haiendi vizuri kama mtumiaji ameshtukizwa.

KAZI INAVYOFANYIKA

Usidhani yupo mtu mmoja anayeketi siku moja akayaandika yote. Kazi hii hukusanywa kama wachumaji wanavyokusanya majani, kikapu baada ya kikapu.

Mwenye kutunza kifurushi fulani akibadilisha jambo litakalomgusa mtumiaji, anatakiwa aliandike katika daftari la kasoro, kwenye fungu lililotengwa kwa maelezo ya toleo. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Fundi anapenda kutengeneza, lakini kuandika hakupendi. Amebadili kitu leo, na toleo litatoka baada ya mwaka mmoja na nusu. Kufikia siku hiyo ameshasahau. Kwa hiyo wahariri wa maelezo lazima wamfuate, wamkumbushe, wamuulize: ulibadili nini hasa, nani ataumia, naye afanyeje?

Kisha huja wakati wa kufunga milango. Kwa toleo la 13 milango ilianza kufungwa tarehe 15 Machi 2025, hatua kwa hatua, hadi ikafungwa kabisa tarehe 27 Julai. Katika miezi hiyo mabadiliko makubwa huzuiwa, watu wakatafuta kasoro tu. Wajitoleaji wengine huchukua mashine zao wenyewe, wakazihamisha kutoka toleo la zamani hadi jipya, kisha wakaandika ripoti: hapa ilikwenda vizuri, hapa ilikwama. Ripoti hizo ndizo zinazoingia katika sura ya kujihadhari. Kila onyo lililomo ni mtego ambao kuna mtu aliuona kwanza, akaurudia nyuma kuuwekea alama ili wenzake wasitumbukie.

Baada ya hapo wako wanaosoma Kiingereza chake na kukinyoosha. Mafundi hawa wametoka nchi nyingi, na wengi wao Kiingereza walijifunza shuleni kama sisi. Sentensi ikiwa na maana mbili hukatwa iwe na maana moja. Kisha hufuata wafasiri, nao ni wajitoleaji vilevile. Kitabu hugawanywa aya kwa aya, na kila aya ikibadilishwa katika Kiingereza, ile tafsiri yake hutiwa alama kwamba imepitwa na wakati, ili mfasiri airudie. Hebu fikiri mfasiri aliyemaliza kazi yake Jumatatu, Alhamisi akakuta aya ishirini zimetiwa alama, na toleo linatoka Jumamosi. Hakuna malipo ya ovataimu. Hakuna hata nyampara wa kumlaumu.

Na mwishoni, toleo linapotoka, sifa huenda kwa wenye kutengeneza vitu vipya. Aliyeandika maelezo ni kama mfagiaji wa kiwanda: watu humkumbuka siku ambayo hakufagia.

NANI ANAWALISHA?

Sasa tufike kwenye swali ambalo mwanachama yeyote angeuliza. Kama makampuni makubwa yanatumia kazi hii na kupata faida, na hawa wanaifanya bure, je, huu si unyonyaji?

Swali ni la haki, na jibu lake si la neno moja. Kwanza, si wote wasiolipwa. Wako wenye kazi zao katika makampuni au vyuo, na waajiri wao huwaruhusu kuifanya kazi ya Debian katika saa za kazi. Tangu mwaka 2014 pia iko michango ya makampuni inayowalipa baadhi ya mafundi ili waendelee kutunza matoleo ya zamani kwa miaka ya ziada. Lakini Debian yenyewe haina mshahara wa kumpa mwandishi wa maelezo.

Pili, wenyewe waliwahi kugombana juu ya jambo hili. Mwaka 2006, ili toleo la 4 litoke kwa wakati, baadhi yao, kiongozi wa mwaka ule akiwa miongoni, walianzisha mpango wa kukusanya fedha kutoka nje na kuwalipa wasimamizi wawili wa toleo. Wengine walikasirika. Walisema: kwa nini wawili walipwe na mamia wengine wasilipwe, ilhali wote wanabeba gogo moja? Baadhi walitoa tamko la kupinga, na wako waliopunguza kasi ya kazi. Ililetwa hata hoja ya kumwondoa kiongozi, lakini kura ziliikataa. Toleo lililotarajiwa Desemba 2006 lilitoka tarehe 8 Aprili 2007.

Mimi ni mtu wa chama, na ninaona somo hapa. Hakuna aliyesema kwamba kulipwa ni dhambi. Kilichowauma ni kulipwa kwa wachache bila wote kukubaliana. Mtu anayejitolea hujitolea kwa sababu anaona wenzake wamo hali moja naye. Siku akiona mmoja amewekewa sahani pembeni, mkono wake unalegea. Viongozi wa matawi wanaogawa posho za semina kwa kujuana walitafakari hilo.

Tatu, tusichanganye kujitolea na kunyimwa. Anayejitolea anaweza kuacha kesho na hakuna atakayemfukuza nyumbani kwake. Tena kazi yake inabaki kuwa mali ya wote: kitabu chenyewe cha maelezo kinaruhusiwa kunakiliwa, kubadilishwa na kugawiwa na mtu yeyote. Mchuma chai anayebakizwa saa mbili zaidi bila malipo hajajitolea, amenyimwa. Mwajiri akija kwenu na neno hili tamu la kujitolea, muulizeni: je, tunaweza kukataa? Na tutakachokizalisha kitakuwa cha nani? Majibu mawili hayo yatawaonyesha kama mnaombwa au mnakamuliwa.

Lakini hatari ipo hata kwa hiari. Kazi inayotegemea watu wachache wasiolipwa inaweza kuwachosha mpaka wakaanguka, na jamii nzima ikagundua kwamba ilikuwa imeegemea bega la mtu mmoja. Makampuni yanayokula matunda ya mti huu yana wajibu wa kuumwagilia maji. Hilo tunalisema bila kuogopa.

TUNALOJIFUNZA SISI

Katika shamba moja la chai ambako nilikuwa nikifanya kazi ya chama, mizani za zamani ziliondolewa zikaletwa za umeme, zenye programu ndani. Mwanzoni zilikuwa nzuri, mizozo ilipungua. Baadaye programu ilibadilishwa, wala hakukuwa na tangazo lolote. Wachumaji waliona tu siku ya mshahara kwamba kilo zimepungua. Karani alipoulizwa alijibu, "Kompyuta ndiyo imesema." Ilituchukua majuma kadhaa kugundua sababu. Programu ya zamani ilikuwa ikitoa nusu kilo kwa uzito wa mfuko. Ile mpya ilitoa kilo nzima. Anayepima mara tatu kwa siku alipoteza kilo moja na nusu. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 39, ambazo amezichuma na kuzibeba kwa mgongo wake.

Mstari mmoja tu wa maelezo ungetosha: "Tangu tarehe fulani uzito wa mfuko unaotolewa umebadilika kutoka nusu kilo kuwa kilo moja." Mstari huo haukuandikwa, na tuliojua kusoma hatukuwa na cha kusoma.

Mimi nilisoma hadi darasa la saba tu, wala siwezi kutunga programu. Lakini sihitaji kutunga programu ili nidai maelezo. Kwa hiyo ninapendekeza kila tawi lipeleke madai haya katika majadiliano yajayo ya mkataba wa hali bora za kazi:

Kwanza, mashine au programu yoyote inayopima kazi, saa au mshahara isibadilishwe bila taarifa ya maandishi kwa wafanyakazi, siku za kutosha kabla.

Pili, taarifa hiyo ieleze mambo matatu: nini kimebadilika, nani ataguswa, na mtu afanye nini akiona kasoro.

Tatu, liwepo daftari la kasoro ambalo mfanyakazi yeyote anaruhusiwa kuandika, na mjumbe wa chama aruhusiwe kulisoma wakati wowote.

Nne, hesabu za zamani zitunzwe, ili zikitokea tofauti tuweze kulinganisha.

Tano, maelezo yaandikwe kwa lugha ambayo wafanyakazi wanaielewa.

Juu ya hili la tano niongeze neno. Maelezo ya Debian yamefasiriwa katika lugha nyingi, zikiwemo Kijerumani, Kifaransa na Kireno. Katika toleo la 13 Kiswahili hakikuwamo. Si kwamba lugha yetu haiwezi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa programu huria ya kuandikia barua na kufanyia hesabu iliyofasiriwa kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Waliketi wakatafuta neno kwa neno, na kazi ikakamilika. Vijana wetu wenye elimu ya sekondari na chuo, mnaosoma ukurasa huu mkiwasomea wazazi wenu, kazi hiyo inawangoja. Mlango uko wazi, hauna ada ya kiingilio.

Na sisi wazee wa matawi tuanze na lililo karibu. Juma hili kila mjumbe azunguke eneo lake la kazi, aandike kila mashine yenye kompyuta ndani: mizani, saa ya kuingilia, mashine ya kutolea hati za mshahara. Pembeni aandike lini ilibadilishwa mara ya mwisho, na kama kuna mfanyakazi aliyeelezwa. Pale ambapo jibu ni "hakuna", hapo ndipo pa kuanzia. Orodha hizo ziletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao, nasi tutaziweka mezani mbele ya mwajiri.

Ajuaye tundu la nyoka ndiye mwenye kuwaonya wenzake. Wajitoleaji wa Debian wanawaonya watu wasiowajua, wa nchi wasizozifika, bila hata kuombwa. Mwajiri anayetujua kwa majina na namba hawezi kushindwa.